Nyinginezo

Mimi karani wa mizani, njia panda ya Mnazi Mmoja:
kushoto Lindi, kulia Mtwara, kisogoni Masasi.
Msimu wa korosho nasoma ekseli hadi usingizini,
mbili, tatu, sita, pita; wewe umezidisha, egesha.
Malori ni mapacha, uso mmoja, kikohozi kimoja.
Huyasahau kabla vumbi halijatua.

Ila nina daftari la pili, chini ya droo,
jalada la bluu, limelowa chai.
Humo wamo wasio na fomu:
Fokswagen ya muuza barafu wa Mikindani,
imekatwa kisogo, injini na barafu zinagombea kitanda kimoja.
Trekta la Chiungutwa lenye mlango wa friji;
ukiufungua, taa inawaka.
Ambulensi iliyostaafu, sasa yakaanga chipsi Mtama,
king'ora kizima,
hulia mafuta yakichemka.

"Magari vilema," husema Nampoto, mwenzangu wa zamu.
Simjibu. Yeye hupenda kipya, chenye nailoni bado kitini.

Jumanne ile, saa tano, jua limekalia bati,
nikasikia mlio nisioujua.
Na milio naijua: Isuzu husaga meno,
Skania hupumulia puani kama bwana harusi.
Huu ulikuwa wa mtu anayetwanga huku anacheka.

Likatokeza.
Uso wa Bedifodi, shavu moja la Landirova.
Usukani wa mpingo, watu wamebebana duara zima,
kila kona dereva anamshika mwingine kichwa.
Magurudumu saba.
Nikazunguka, nikahesabu tena. Saba.
Na tumboni, pale jicho halifiki usipoinama,
chuma kinene cha trekta la Waingereza,
lile la mashamba ya karanga,
ambalo wazee husema kabla ya jembe
lilikuwa kifaru, lilishapigana vita vyake.

Akashuka mama, spana imefungwa pindoni mwa kanga.
"Somoe Likapa. Nimetoka Nachingwea jana alfajiri,
Nanganga nikalala, Nyangao likalala lenyewe."
Nikachungulia nyuma. Hakuna gunia. Hakuna hata kuku.
"Mzigo uko wapi, mama?"
"Sina mzigo. Nimelileta kupimwa."

Nampoto akaacha kutafuna.

"Miaka kumi na mmoja naliunga.
Kipande Ruangwa, kipande Liwale,
giaboksi nilitoa mbuzi wawili na cherehani.
Watu huniuliza linakimbiaje, linakunywa lita ngapi.
Uzito hakuna ajuaye.
Wanangu wanne niliwapeleka kliniki kila mwezi,
wakaning'inizwa ndoanoni, wakalia, kadi ikajazwa.
Hili kosa lake nini?"

Likapanda. Mizani ikaguna.
Namba zikahangaika kama kuku aliyekosa kiota,
zikatulia: kilo elfu sita mia nne na kumi na mbili.
"Toa sabini zangu," akapaza sauti dirishani,
"na mbili za spana."

Kompyuta ikauliza: Aina?
Lori. Basi. Trela. Gari dogo.
Ekseli? Nikaandika tatu na nusu, ikakataa.
Nampoto, safari hii hacheki: "Weka Nyinginezo."
Kile chumba cha uani, mwisho wa fomu,
tunakorundika tulichochoka kukitazama.

Nikaweka. Kazi ni kazi.

Kisha nikachana ukurasa wa daftari la bluu,
nikapitisha mstari wa kijani, kama wa kadi ya mtoto,
juu yake nukta moja, kubwa.
Jina? "Bado halijanitajia."
Uzito. Tarehe. Afya: njema.
Nikagonga muhuri wa serikali, meneja asijue.

Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.
Likawaka mara ya tatu.
Nyuma yake malori kumi na manne yamesimama,
madereva wote chini, mikono viunoni,
hakuna aliyepiga honi.

Nililisindikiza kwa macho hadi kona ya Mtama.
Ndipo nikakumbuka sikuuliza
lile gurudumu la saba
ni la kazi gani.