Upande wa Inchi

Nilimdai Bwana Kapend sare sitini za shule,
shati nyeupe, kaptula za buluu, mifuko miwili miwili.
Shule yake ilifungwa kabla ya Pasaka.
Akaja Katuba na kamba na watoto kumi,
wakalisukuma hadi uani gari lisilo na paa,
kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva.
"Mama Kasalwe, chukua hili. Tumemalizana."
Puani herufi mbili, M na G.
Nikadhani ni za jina la mwenyewe.

Majirani walicheka mpaka masika yakaingia,
na vyura wakahamia.

Fundi Chinyama akaja na masanduku mawili ya spana.
Kumi na mbili ikagoma.
Kumi na tatu ikaingia, ikazunguka bure,
ikalamba pembe za nati kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi.
"Gari hii iko na roho mubaya," akasema.
Nikavua futi shingoni,
nikaigeuza upande asiousoma:
nusu inchi, kamili.
Miaka ishirini na mitatu napima viuno vya watu kwa upande huo,
na kumbe kuna injini
iliyokatwa kwa futi yangu.

Spana za inchi zilitoka Ndola,
zikavuka Kasumbalesa chini ya trei za mayai ya Bana Mwaba.
Nilimlipa gauni la arusi, la bintiye, lenye mkia.
Kisha baridi ya Juni, vumbi jekundu mpaka kwenye chai,
nikafungua boliti moja moja, nikaziweka kwenye makopo ya maziwa,
kila kopo na kipande chake cha kitenge
nisije nikavisha breki vifungo vya mlango.

Kutu niliikata kama nguo iliyoliwa na nondo:
usikate pale penye tundu,
kata pale uzima unapoanza, kisha acha pindo.
Chinyama akasimama na moto mkononi.
"Pindo? Kwenye chuma?"
"Acha pindo, Chinyama."
Akaacha.

Waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi.
Kila kijana aliyepita kunisaidia aliugeuza,
na kila mara kitu kikatoa moshi.
Nikaandika kwa chaki ya cherehani juu ya betri:
HUMU KILA KITU NI KINYUME. USISAIDIE.

Kabureta ni mbili, na zote zinapumua.
Unachukua mpira wa maji, ncha moja sikioni,
nyingine kwenye koo la kwanza, halafu la pili,
kama mpangaji anayesikiliza ukutani wenye ndoa:
huyu anafoka, yule ananung'unika.
Unageuza skrubu kidogo. Unasikiliza tena.
Hutafuti wanyamaze.
Unatafuta wafoke sawa.

Paa lilinichukua jioni tatu.
Hapo sikumuuliza mtu.

Bado linavuja. Chini nimeliwekea sufuria ya bukari
iliyotoboka mpini, na usiku, umeme ukikatika,
namsikia huyo mzee akidondosha oili, toni, toni,
nami nalala vizuri zaidi kuliko nilivyolala
enzi za kudai.

Jambo moja sikuweza kulirekebisha.
Usukani uko kulia, na nchi hii inapita kulia,
kwa hiyo nyuma ya lori
naona lori.
Mwanangu Mwape anakaa kushoto. Yeye ndiye macho.
Jumapili, njia ya Likasi, paa limekunjwa,
mbele yetu lori la shaba linapanda kama mjamzito,
mguu wangu uko tayari, kabureta zote mbili zinasema sawa,
nasubiri neno lake.

Nasubiri.

"Mwape! Njia iko?"
Kimya.
"Mwape!"
"Samahani, Mama.
Nilikuwa naangalia vile batu banatuangaliaka."