Boya Nambari Sabini na Tatu

Saa tisa za usiku, Ganjoni. Feni inakoroma
nami nangoja neno la boya
lililopandwa mpaka kiunoni kwenye siwa la barafu
huko juu, dunia inakofungwa kifundo.
Lina betri, kipimajoto na sauti ndogo
ambayo setilaiti huiokota ikipita,
tarishi asiyepiga hodi wala kuomba maji.

Kila baada ya saa tatu linataja lilipo, basi.
Naweka nukta. Naiunganisha na ya jana:
kilomita kumi na moja, kusini magharibi.
Barafu hutembea. Miaka yote sikujua.

Niliyoijua mimi ni ya ukwaju,
mama akiiuza dirishani Kibokoni:
unang'ata pembe ya mfuko, unafyonza,
ukifika mlango wa chuo umebaki na plastiki
na ulimi uliokunjana.
Bado anauza. Asubuhi, akikamua ndimu,
huniuliza, "Yeo yuwapi wako?"
kwa ile sauti ya kumuulizia mgonjwa aliyelazwa Makadara.
"Amesogea," namjibu. "Kidogo."

Juzi njia yake ikaanza kujiviringa,
vijiduara, vijiduara,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Kipimajoto kikapanda, kikapanda, kikasimama.
Picha ya setilaiti: wingu.
Nyingine: wingu.
Ya tatu: weusi, palipokuwa na weupe.

Kanuni ya kazi ni fupi.
Boya likizunguka hivyo, halibebwi tena na barafu;
ni maji hayo. Litoe kwenye hesabu.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe
muda wa adhana nzima ya msikiti wa jirani.
Nikabonyeza.
Saa kumi na mbili likaita tena,
halina habari kwamba limefutwa,
likataja lilipo.

Nilipomweleza, mama aliweka kisu chini.
"Sasa bahari itajaa?"
Si kwa hiyo, nikamwambia. Hiyo ilikuwa ikielea tayari,
kama kipande ndani ya gilasi:
kikiyeyuka, gilasi haimwagiki.

Akaitazama gilasi ya sharubati
iliyokaa mezani tangu alfajiri,
akaisukuma upande wangu.
"Kweli, haikumwagika," akasema. "Haya, onja."

Ilikuwa vuguvugu.