Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Sita vya kwanza nilivijaza asubuhi nikikoroga uji wa Nasri:
jina, umri, namba ya simu, kazi –
mkaguzi wa mifereji, manispaa, mwaka wa kumi na nne.
Cha saba kikasema: Taja shahada unayoitaka.
Nikatafuta orodha. Haipo.
Nikageuza ukurasa, nikaurudisha. Haipo.
Kuna mstari mmoja mtupu,
mrefu kama Barabara ya Mandela saa kumi alfajiri,
na maneno madogo chini yake: ibuni mwenyewe.

Tangu chekechea nimepangiwa.
Kengele ilinipangia, mchepuo ulinipangia,
chuo kikanipa kozi niliyoiweka ya tatu,
ajira ikanipa kofia ya plastiki na buti za mwanaume.
Leo saa tano usiku, Tabata, naulizwa ninataka nini,
na kalamu naishika kama mtoto aliyepewa uma.

Bwana Lukindo alicheka mpaka chai ikamwagikia faili.
“Shahada ya kujishonea! Utaivaa wapi?
Si kuna madarasa ya Jumamosi pale mjini?
Watu wanaingia, wanatoka na joho, mshahara unapanda.”
Kuhusu mshahara anasema kweli.
Lakini Jumamosi ya mvua mimi siko darasani.
Niko ndani ya kalavati, maji kiunoni,
navuta godoro la mtu.

Na kushona nakujua, nimelelewa na cherehani.
Mama alikuwa akinunua makoti Ilala, ananipunguzia.
Mikono hukatwa, pindo hupandishwa,
ila mabega ya mtumba
hubaki ya mwenyewe wa kwanza.

Basi ninataka nini?
Nimeandika ripoti sitini na mbili.
Zote zinasema: mfereji umeziba.
Hakuna hata moja iliyouliza
ilikuwaje Bi. Mwanahamisi wa Kigogo
akajua mafuriko kabla ya kipimo chetu.
“Mende,” aliniambia. “Wakihama chini, nami nahamisha unga.”
Nataka hesabu ya maji, ile ngumu, niliyoikimbia.
Nataka sheria ya ardhi,
maana kila ukuta niliouchora X nyekundu
ulikuwa na mtu mlangoni, ameshika risiti.
Na nataka kujifunza kusikiliza.
Somo hilo linaitwaje?
Msimamizi yuko mbali, sauti yake hufika baada ya midomo.
“Liite unavyoliita,” alisema. “Vitabu tutavitafuta.”

Sijidanganyi. Uhuru nao una bili.
Ada kwa awamu, awamu ya kwanza kutoka kikoba,
na akina mama wa kikoba hawasamehi.
Bando la usiku, linaloisha ndoto zinapoanza kuwa tamu.
Hakuna kengele. Hakuna wa kuniuliza jana nilikuwa wapi.
Nikilala, hakuna atakayejua
ila mimi, na mimi najijua:
nimewahi kuanza kufuma kitambaa cha meza mwaka wa harusi,
na meza imeshauzwa.

Hapo luku ikalia, kisha giza.
Feni ikajizungusha mara tatu kwa uchovu, ikanyamaza.
Nikaingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu,
moja nikaikosea, nikaanza upya.
Taa iliporudi kisanduku kilikuwa pale pale,
hakikuchoka wala hakikunionea huruma.
Nikaandika: Maji na wenyeji wake.
Nikafuta wenyeji. Nikaandika majirani.
Nikalitazama neno hilo kwa muda,
kama mtu anayejitazama mgongo kwenye kioo cha fundi.

Cha nane kinauliza: Utamaliza lini?
Matone yameanza kwenye bati la jirani,
moja, moja, kisha mengi.
Nimeiacha kalamu juu ya fomu isipeperuke.
Natafuta buti.