Vigogo Vinne

Penye miti hapana wajenzi, alizoea kusema mama.
Huku, kati ya Adam na Haima, wajenzi ndio waliotangulia:
lami iliyonyooka, mstari mweupe, kibao cha ngamia,
na joto lisilo na kivuli hata cha kidole.

Kijani kilikuja chenyewe.
Lami hainywi. Mvua ya siku moja kwa mwaka
ikiangukia barabarani huteremka pembeni,
na pembeni pakaota majani, upana wa mkeka,
urefu wa safari nzima.
Ukiwa ndani ya gari unasema: mashallah, pamependeza.
Ngamia naye anasema hivyo hivyo, anakuja kula.

Muhenna alimgonga mmoja saa tisa usiku.
Taa za gari hupita chini ya tumbo la ngamia,
na macho yake yako juu mno, hayarudishi mwanga.
"Niliona miti," aliniambia hospitalini Nizwa,
mguu umefungwa vyuma kama jengo lisilokwisha.
"Vigogo vinne, Ami. Nikasema miti haivuki barabara."

Bakhit, mwenye ngamia, hakuuliza habari ya fidia.
Alichuchumaa, akaufungua mdomo wa Samha
akatoa majani, bado mabichi,
akayatia mfukoni mwa kanzu.
Sijui aliyapeleka wapi.

Ndipo amri ikaja: fyekeni. Mita kumi kila upande.
Kwenye karatasi naitwa msimamizi wa mimea ya kando;
mimi ni mtu wa msumeno tu, na Rafiqul, na tangi la maji.

Tulianza na mti ule ambao shemeji yangu wa Garissa
huuita mathenge. Karatasi inauita "mmea mgeni".
Rafiqul akauliza, mgeni kwa nani?
Nikacheka, maana baba alirudi kutoka Pemba na sanduku moja,
na mtaani kwetu Ibra neno lilikuwa ndilo hilo.
Lakini mathenge siulilii.
Hunywa maji ya jirani, huziba kona,
ukichepuka ghafla unakutana na lori uso kwa uso.
Ukikatwa Jumapili, Alhamisi unachungulia tena.

Siku ya sita tukaufikia mghafu.
Mzee kuliko barabara. Ilikuwa barabara ndiyo iliyokuja kwake.
Katika miiba mbwigu ametundika panzi watatu
kama nguo za mtoto kwenye kamba.
Chini, tundu la mjusi; juu, nyuki;
ubavuni, alama ya mbuzi kujikuna, miaka na miaka.
Nikapima: mita saba kutoka mstari mweupe.
Kumi ndiyo amri.

Nikauzima msumeno.
Kimya cha jangwa baada ya msumeno
si kimya, ni sikio linalowasha.

Tukapogoa matawi ya chini tu, hadi kimo cha kifua,
dereva aone mpaka upande wa pili.
Majani tuliyoyakata hatukuyaacha hapo;
tuliyabeba mbali, kilomita mbili ndani ya mchanga,
tukawawekea ngamia karamu wasipopita magari.
Kwenye fomu nikaandika: mghafu, mmoja, umeachwa.
Mahali pa "sababu" nikaandika nyuki,
nikakifuta, nikaandika mizizi inashika mchanga,
usifunike lami. Hiyo wataielewa.

Usiku huo narudi peke yangu, Rafiqul amelala kambini.
Mbele, taa zikapiga vigogo vinne,
vimenyooka, safi, bila majani chini.
Mguu ukaenda kwenye breki wenyewe.

Hesabu yangu ilisema mghafu uko karibu hapa.
Hesabu yangu pia ilisema bado.

Nikazima injini, nikaacha taa zikiwaka.
Vigogo vimesimama.
Nami nimesimama.
Tunangoja nani atasogea kwanza.