Vidole Vinne

Injini ya Mark II iliingia Nkuhungu juu ya guta,
imefungwa kamba za katani kama mbuzi wa mahari,
bado ina kokoto za Kibaigwa kwenye sampu
pale mwenye nayo alipomkwepa punda, akaishia mtaroni.

Ulikuwa msimu wa upepo. Vumbi linaingia hata kwenye chumvi.
Nikailaza sebuleni, juu ya tairi.
Perisi akaitazama, asitie neno.
Asubuhi nikaikuta imevikwa khanga:
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mpaka leo sijui ile ilikuwa baraka au kijembe.
Miezi saba tulikula tukiizunguka.
Mjumbe wa mtaa alidhani ni cherehani.

Mwenyeji alikuwa nje, chini ya turubai:
Datsun ya milango miwili, pua ndefu, kiuno kifupi,
rangi ya chungwa lililosahauliwa dirishani.
Nililinunua Makole, kwa mjane wa mhasibu;
kuku walikuwa wakitaga nyuma ya viti.
Injini yake ilikunywa oili kuliko petroli,
na siku niliyolijaribu mwinuko wa Mlimwa
ilikata pumzi katikati, ikaturudisha kinyumenyume
mbele ya darasa zima la watoto waliokuwa wakitoka shule.
Walishangilia.

Chedego hapimi kwa futi.
Aliinama, akaweka kiganja kati ya puli na rejeta,
akakitoa, akakitazama.
"Imezidi vidole vinne."
Ndivyo alivyo navyo; cha tano
kilibaki kwenye mashine ya alizeti huko Kongwa.
Kwa hiyo ilizidi mkono wake mzima.

Basi tukakata.
Grainda ikalia, cheche zikamwagika kwenye mchanga,
na umeme, kama kawaida yake, ukaondoka nusu ya mkato.
Tukangoja gizani, chuma kikipoa,
tik,
tik.
Tabitha, aliyeshika tochi, akauliza
kwenye kadi ya gari tutaandika injini gani.
"Andika deni," Chedego akajibu.

Waya nazo. Mia na ushei, rangi zimefubaa,
wa bluu unajifanya kijani, wa kijani unajifanya mfu.
Nikazifunga lebo za karatasi,
nikikata daftari la Tabitha la jiografia bila kuomba,
ndiyo maana nyuma ya PAMPU YA PETROLI
pameandikwa Wami, na nyuma ya FENI, Kizigo,
na mwalimu wake ananidai mito miwili.

Novemba, kabla ya tone la kwanza,
tukaazima betri ya sola kwa jirani.
Ufunguo mara ya kwanza: kimya.
Mara ya pili: harufu.
Mara ya tatu
kuku waliruka ukuta.
Haikuwa sauti ya gari lile. Ilikuwa nene, laini,
sauti ya mtu aliyekula akashiba nyumba ya watu.
Perisi akatoka na mwiko mkononi,
akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema,
"Sasa na lile tairi litoke."

Ile ya zamani niliiuza Hombolo, kwa mwenye mizabibu.
Alisema kuvuta maji hakuhitaji mbio.

Jumapili moja tulikwenda. Mlimwa tuliupanda
kwa gia ya nne, makusudi, mara mbili,
halafu barabara ya vumbi, halafu kona ya mwisho,
nikazima, nikateremka.
Ng'ambo ya mistari ya zabibu ilikuwa ikifanya kazi,
ikikohoa palepale ilipozoea kukohoa,
kwenye gia ya tatu, ingawa sasa haina gia.
Maji yalikuwa yakitoka. Machafu kidogo, lakini yakitoka.
Nilisimama, kiganja juu ya boneti ya moto,
nikawa kama mtu aliyekutana na shemeji wa zamani sokoni.

Tabitha, amechoka kungoja, akapiga honi.
Honi hatukuibadilisha; ni ileile ya mhasibu.

Kule mizabibuni injini ikasita,
ikakohoa,
ikaendelea.