Ufunguo wa Santa Baia

Mimi muuza mkate, si mtu wa kusali sana.
Jumanne na Ijumaa napandisha gari hadi Santa Baia,
napiga honi mara mbili kwenye kona ya kisima,
na idadi ya mikate ndiyo sensa yangu.
Mwaka nilioanza: arobaini na sita.
Sasa tisa, na mmoja katika hiyo ni wa mbwa wa Xenaro.

Kanisa lao la mawe ya itale, mgongo umepinda,
paa limeota ukoga wa manjano,
mlango mfupi hata mwenye kiburi huinama.
Padre Fiz ana parokia kumi na moja na gari moja dogo.
Huja Jumapili ya tatu, akikumbuka,
misa dakika ishirini na mbili,
akaondoka injini haijapoa.
Basi kanisa si la padre.
Kanisa lilikuwa la Balbina, mwenye ufunguo.

Ufunguo wenyewe mzito kama nyundo,
ukining'inia jikoni kwake, msumarini,
kati ya soseji za moshi na kalenda ya benki.
Aliyetaka kuoa alipitia jikoni kwa Balbina.
Aliyetaka kuzika alipitia jikoni kwa Balbina.
Na kwanza alikula:
ufunguo haukutolewa kwa mtu mwenye njaa.

Barazani pa kanisa, pale mvua isipofika,
wanaume waligawana zamu za maji ya mfereji,
wakagombea mpaka wa shamba lisilolimwa tena.
Wanawake walijua nani kapata barua kutoka Uswisi
na nani kapata barua isiyo na hela ndani.
Eladio alisimama papo hapo miaka arobaini,
mgongo nguzoni, kofia kichwani.
Hata bintiye alipofunga ndoa hakuvuka kizingiti.
"Mimi na Mungu tumegawana," alisema.
"Yeye ndani, mimi barazani."

Kengele nayo ina lugha.
Mapigo matatu, amekufa mwanamume.
Mawili, mwanamke.
Ile ndogo ni ya mtoto, haijalia miaka thelathini,
si kwamba kifo kimeingiwa na huruma;
watoto ndio hawapo.
Na pigo la mfululizo, lisilopumua, ni la moto.

Agosti ile moto uliposhuka kutoka msitu wa mialoni,
mnara wa simu ndio ulioungua kwanza.
Balbina, miaka themanini na mmoja, alivuta kamba
tangu saa nane za usiku hadi kulipokucha.
Wakaja na ndoo, na matrekta, na mablanketi yaliyoloweshwa,
wakaja hata wa ng'ambo ya mto
wasiosemezana nao tangu kesi ya malisho.
Nilipofika na mkate viganja vyake vilikuwa vimechunika.
Sarafu alinihesabia kwa ncha za vidole,
akalalamika kwamba mkate umeungua upande.

Februari hii nilipiga honi, hakutoka.
Nikapiga tena, kama mjinga.

Simu ya padre iliita tu.
Na kamba nani aivute? Xenaro hana magoti,
Hermitas haoni ngazi.
Ndipo nikamwona Eladio akitoka jikoni kwa marehemu,
ufunguo kaulaza viganjani kama kifaranga,
na masharubuni makombo.
Alikuwa amekula kwanza.

Kizingitini alisita.
Akavua kofia, akatafuta pa kuiweka, akanipa mimi.
Akainama. Mlango ni mfupi.

Pigo moja.
La pili.
Tukatega masikio kwa kuwa kamba ilikuwa bado inalia.
La tatu.

"Amekosea," Hermitas akanong'ona. "Mzee hajui hesabu za kanisa."
Sikumjibu. Nilishika kofia yenye joto la kichwa cha mtu,
nikakumbuka viganja vile.

Ijumaa nilipakia mikate minane.
Eladio alikuja konani, koti limelemea upande mmoja,
mfukoni mna chuma.
Akanunua miwili, yeye anayeishi peke yake.
Ikabidi nirudi garini kutafuta wa tisa.