Sensa Ndogo

Isevya, sebuleni kwa akina Nyamizi,
mgongo wangu umegusa kabati la vyombo,
siwezi tena kurudi nyuma,
na bado shangazi yake anakatika bega.
Lenzi ya hamsini kwenye sensa ndogo
ni kama kuchungulia harusi kwa tundu la ufunguo.

Fremu nzima ipo, dukani kwa Mhoja, karibu na stesheni:
inameza chumba chote, na giza lake.
Bei yake ni mabati ya nyumba yangu, na misumari.

“Wewe piga tu,” anasema shangazi,
“bega lenyewe hilo linaniuma tangu masika.”

Nimepiga.

Usiku, kwenye kioo cha kamera, nahesabu:
mabati ishirini na nane,
bega moja.